Mosi Januari

Leo thelathini na moja Desemba, siku yangu ndefu.
Foleni imeshuka ngazi, imepita mlango wa mahakama,
mkia wake uko nje, unakanyaga chumvi na theluji.
Mimi ndiye dirisha la kushoto, Kaunti ya Hasper.
La kulia ni la mthamini. Watu huchanganya,
hunijia mimi na hasira za kule:
"Nani kasema banda langu lina thamani hiyo?
Ukilala ndani unaziona nyota!"
Nami hujibu, kila mwaka, kwa sauti ileile:
Mimi sithamini, bwana. Mimi napokea.

Nimepokea hundi zenye harufu ya ng'ombe.
Nimepokea senti ndani ya kopo la kahawa,
nikazihesabu zote, huku Delmar Pruett akinitazama
kama mtu anayetazama jino lake kwenye koleo.
Asubuhi alikuja kijana wa pikipiki iliyokufa tangu Aprili.
"Haitembei," akasema. "Kodi ya nini?"
Ya kuwa yako, nikamwambia.
Bila risiti hii ya njano hupati kibandiko cha namba,
na bila kibandiko, sherifu atalijua jina lako.

Saa tisa na robo akafika Verna Brandhorst,
kavaa koti la mumewe, mikono kaikunja mara mbili.
Akaweka bili mbili juu ya kaunta, akazilaza sawa
kama anayepanga uma na kisu.
Moja ya nyumba. Moja ya pikapu.

"Hii ya nyumba naijua," akasema.
"Otto alimaliza mkopo wa benki mwaka ule wa mafuriko,
akachoma karatasi kwenye pipa, akacheka:
Verna, tumehama kwa benki, sasa tumepanga kwa kaunti."
Kodi ni kodi. Mpangaji hulipa, mwenye nyumba hulipa,
neno lenyewe halikujisumbua kubadilika.

"Lakini hii ya pikapu.
Otto alifariki tarehe tatu Januari.
Februari nikaiuza kwa mpwa wa Stegall.
Mwaka mzima sijaigusa hata usukani.
Sasa ninalipia gari la nani?"

Sheria ninaijua kama ninavyolijua goti langu bovu:
aliyekuwa na gari tarehe mosi Januari
hulilipia mwaka mzima. Hata akiliuza tarehe mbili.
Hata ikiwa tarehe tatu.
Dawa ya deni kulipa, wanasema;
hawasemi nani aimeze
mgonjwa akishaondoka.

Nikaigeuza bili, nikamwonyesha mgawanyo kwa kidole
(ndiyo njia yangu ya kukwepa macho):
Shule, fungu kubwa. Barabara na madaraja.
Maktaba, dola tisa.
Gari la wagonjwa, dola kumi na moja na senti arobaini.

Kidole chake kikatua palepale, kikakaa.
Nyuma yake foleni ikakohoa.
"Lilikuja," akasema. "Dakika ishirini na sita, barabara yote barafu.
Msichana mmoja alivaa soksi zisizofanana.
Alimwita Otto 'bwana' mpaka mwisho,
hata alipokuwa hasikii tena."

Akaandika hundi.
Kwenye ule mstari mdogo wa chini, wa maelezo,
ambao watu huuacha wazi
au huandika *wezi*,
akaandika: *soksi*.

Nikagonga muhuri. Njano yake, nyeupe yangu.
Saa kumi na moja kamili nikashusha pazia,
nikasikia mtu anapanda ngazi mbio, nikalipandisha.
Alikuwa Delmar. Alikuwa amesahau trela.

Nyumbani sikukesha kuusubiri mwaka.
Saa sita usiku, nikiwa nimelala,
magari yote ya Hasper yaliyofunikwa na theluji,
na langu kati yao, taa moja imekufa,
yakaulizwa tena ni ya nani.