Debe la Mti wa Jozi

Orest alilijenga kwa mikono yake,
kabati la mti wa jozi, toka ukuta hadi ukuta,
msimu ule theluji ilipoziba madirisha ya chini
na Saskatoon nzima ikawa haina sura.
Alipiga randa, akapiga msasa, akapaka mafuta tabaka saba,
akazitia spika ndani, moja katikati, mbili kandoni,
akafunga milango, akarudi nyuma hatua tatu
kama mtu aliyemaliza kuumba.

Kisha akawasha runinga.

Nikasikia watu wakizungumza ndani ya mtungi.
Wanaume walinguruma, wanawake walinong'ona chini ya blanketi,
risasi ikilia, sahani zangu jikoni zinaitikia.
"Wanasema nini?" niliuliza.
"Masikio yako hayo," alisema Orest. "Nenda ukayapime."
Nilikwenda. Nilipimwa. Nililipa dola tisini.
Masikio mazima.
Cheti cha daktari nilikibandika kwenye mlango wa kabati
kwa gundi yake mwenyewe.

Miaka minne tukasoma maandishi chini ya picha,
hata kwa filamu za lugha yetu.

Februari akaja Kalyna, binti wa dada yake,
anayepanga sauti kwenye majumba ya maigizo kule Winnipeg.
Hakusema neno. Alifungua mlango, akaingiza kichwa,
akapiga kofi moja humo ndani.
Kabati likajibu, likaendelea kujibu.
"Mjomba," alisema, "umejenga ngoma."
Nami nikajisemea kimoyomoyo: debe tupu haliachi kuvuma,
hata lipakwe mafuta tabaka saba.

Kazi ilianza kwa kuvuta.
Spika zikatolewa gizani hadi ukingoni mwa rafu,
pua zao zikachungulia nje kidogo,
maana sauti ikigonga rafu kabla ya kukufikia
hufika kama mgeni aliyepitia kwa jirani, ameshashiba maneno.
Ile ya katikati, ya mazungumzo,
iliyokuwa ikihutubia magoti yetu miaka yote,
ikainuliwa uso kwa vipande viwili vya mpira
vilivyokatwa kwenye kandambili zangu za kuogea.
Sikuulizwa.
Nyuma na ubavuni wakashindilia pamba ya mawe,
wakaifunika shuka isije ikatuwasha koo.
Matundu ya besi yakazibwa kwa soksi za Orest,
za sufu, alizofumiwa na mama yake,
na ule mngurumo ukashuka kama maziwa yaliyoepuliwa.

Ikabaki milango.

Hapo Orest alinyamaza.
Alipitisha kidole kwenye mishipa ya mti,
pale alipooanisha ubao na ubao hata usione kiungo.
Akaenda jikoni, akanywa maji, akarudi.
Akachukua bisibisi,
akafungua bawaba moja moja, skrubu zikiingia mfuko wa shati.
Mahali pa mbao tukatundika kitambaa cheusi, chepesi,
ambacho ukijifunika mdomo unapumua bila taabu:
ndivyo Kalyna alivyokijaribu dukani, muuzaji akimkodolea macho.

Usiku tukaweka mkanda wa zamani,
Krismasi ya Januari, mwaka tisini na tatu.
Tumeutazama mara ngapi? Watoto wanaimba, mshumaa unayumba,
na pembeni baba mkwe, mzee Prokip, midomo inamcheza.
Kila mwaka tulidhani anasali.

Safari hii, wazi, kama kaketi nasi kwenye kochi:
"Mwambieni Orest azime hiyo mashine, supu inapoa.
Na hiki kiti alichonitengenezea kina mguu mfupi."

Kalyna alicheka hadi akalala zuliani.
Orest aliomba turudie.
Tukarudia.
Mara ya tano hakuwa akicheka wala kulia,
alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini.
"Mguu upi?" akaiuliza runinga. "Baba, mguu upi?"

Milango ipo gereji, imeegemea matairi ya kiangazi.
Anasema bado anaifikiria.
Kiti amekishusha kutoka darini.