Nyanya Vipande Vitatu

Miaka sita nilikula mkate wa Mama Ayikoru,
nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye njia ya Vurra,
chini ya bati lenye bango la soda ambayo haiuzwi tena.
Hana orodha ya vyakula. Hukutazama usoni,
akaamua njaa yako ni ya aina gani:
simsim ya kusaga, parachichi, mayai,
au, siku ya mshahara, samaki mkavu wa Panyimur
aliyechambuliwa miiba kwa vidole visivyoogopa moto.
Vitunguu hapimi. Akikasirika, huzidi.
Siku mumewe alipohamia Koboko kwa mke mwingine
tulikula huku tunalia, benchi zima,
na kila mmoja akasingizia vitunguu.

Kisha Arua ikapata duka la vioo, mkabala na benki.
Tawi la kumi na moja, redio ilisema,
na mkate wake ni uleule Gulu, uleule Mbarara,
uleule Kampala: sentimita kumi na tano,
nyanya vipande vitatu, tango vipande vinne,
mchuzi mistari miwili, kwenda na kurudi.
Nikasema, chakula gani hiki cha kupimwa kwa rula?
Benchi likacheka nami.
Nawaambia haya mjue nilianguka kutoka wapi.

Mwezi wa pili yadi ya malori ikafungwa.
Nikabaki karani wa mizigo isiyokuja,
mwenye kalamu mbili na funguo za ofisi ya mtu mwingine.
Na ubaya wa Mama Ayikoru ndio huu: anajua.
Anajua mwanao amepata ngapi katika hesabu.
Anajua shati hili ulilivaa jana.
Atakuuliza kwa sauti, mkono ukiwa kwenye kikaango,
"Na kazi?"
na benchi zima litaacha kutafuna.
Tena nilikuwa na deni. Elfu kumi na moja,
kwa mkaa, ukutani, chini ya jina langu.

Nikaenda kwenye vioo.

Msinicheke. Niliupenda ubaridi wake.
Nilikipenda choo chenye sabuni, kiti kisicho na mwenyewe,
sauti iliyosema "karibu, mteja" kwangu
kama ilivyosema kwa meneja wa benki.
Pale sikuwa Anguyo aliyeachishwa kazi.
Nilikuwa namba sabini na mbili.
Kuna siku mtu hutaka kuwa namba.
Nilinunua nusu, elfu tisa, nikaila saa nzima.

Mara ya tatu, nyuma ya kioo, chini ya kofia ya kijani,
glavu za plastiki zilihesabu nyanya: moja, mbili,
tatu. Mkono ukasita.
Nikainua macho. Ayikoru.
Yeye ambaye jina lake ndilo jina la benchi letu,
kifuani ameandikwa Mhudumu wa Nne.
Juu ya kichwa chake kamera, jicho jekundu lisilopepesa.
Hakunisalimu. Hakuongeza cha nne.
Alikunja karatasi kwa kona nne, kama alivyofundishwa,
na pale wanapoandika namba ya mteja
akaandika kwa haraka, herufi zimelala:
Mama anauliza kama unaumwa.

Niliisoma nje, juani, vumbi la kiangazi likinipita.
Mkate wenyewe sikumbuki ulikuwa na ladha gani.
Karatasi ninayo.

Kesho yake nilipita nyuma ya kituo cha mafuta,
nimejiandalia uongo wa safari ya Yumbe,
wenye shangazi mgonjwa na daraja lililobomoka.
Hakunipa nafasi ya kuutumia.
"Elfu kumi na moja," alisema bila kugeuka,
"haiozi. Keti."
Benchi likasogea, kiasi cha tako moja.
Naye akachukua kisu,
akakata vitunguu, akakata, akakata.