Siji Malaga

Umepiga tena, Kauko, kunihesabia machungwa
yaliyoiva barazani kwako,
na digrii za jua, kumi na nane, kumi na tisa.
Mama, wasema, hiyo baridi itakuua.
Mwanangu, baridi ndiyo iliyonilea.
Leo imefika ishirini na mbili chini ya sifuri
na ndiyo kwanza narudi ndani.

Theluji ilishuka usiku kucha bila kubisha hodi.
Kufungua mlango, ua mzima mweupe pe:
kuni zimevaa kofia, kisima kimevaa kofia,
hata ile baiskeli uliyoapa utaitengeneza
imetulia kama bibi harusi.
Kimya jii.
Kunguru akatua juu ya msonobari,
tawi likashusha pumzi, pu!
vumbi la fedha likaniingia shingoni, likateremka mgongoni,
nikapiga ukelele kama msichana.
Hakuna aliyenisikia.
Nikapiga mwingine.

Unakikumbuka kile kiti cha vyuma viwili vya kuteleza,
ulichokipanda utotoni, abiria asiyelipa nauli?
Nimekiburuta hadi ziwani.
Mguu mmoja juu ya chuma, wa pili unapiga teke,
teke, nateleza,
teke, nateleza,
na goti hili ambalo daktari amelikatia tamaa
husahau umri wake likiona barafu.
Ziwa limeganda nusu mita.
Chini yake maji yanaendelea na mambo yao,
na mara mojamoja barafu hunguruma,
ngurumo ndefu, toka ufuko hadi ufuko.
Mgeni angetimua mbio.
Mimi huitikia: marahaba.

Katikati ya ziwa, Oiva, juu ya ndoo,
kainamia tundu lisilozidi kiganja.
Tangu alfajiri hajapata hata sangara mchanga.
"Wanakula?"
"Bado wanafikiria."
Tukanywa kahawa kwa kifuniko cha themosi, zamu kwa zamu,
mvuke ukigandia nyusi zake,
wala hatukusema neno jingine, maana tulikuwa tunafurahi.
(Hilo huenda umelisahau. Umeishi sana na watu wa jua.)

Halafu jua likaja.
Hilo lako ni tajiri, linamwaga tu, halihesabu.
Letu ni maskini mwenye adabu:
saa tatu na nusu linachungulia, saa tisa linaaga,
lakini likifika halimnyimi mtu;
kila punje ya theluji ilipata cheche yake,
na kivuli changu, mimi kibibi kifupi,
kilikuwa cha buluu, kirefu kama mnara wa kanisa.

Kilimani watoto wa shule walikuwa wakiteleza juu ya magunia.
Nikaomba zamu.
Wakatazamana. Pihla, yule mwenye pengo, akanipa lake:
"Shika hapa, bibi, na usifunge breki."
Breki gani?
Nikashuka nikiwa nimetazama nyuma,
nikaishia ndani ya tuta, miguu juu,
theluji puani, theluji kwenye meno ya bandia,
nikabaki pale nikicheka peke yangu
hadi wakadhani nimevunjika.
Usimwambie dada yako.

Jioni nikawasha sauna ya baba yako.
Bado inavuta moshi upande, kama alivyoiacha.
Nikakaa mpaka ngozi ikawa nyekundu,
nikatoka kama nilivyozaliwa, nyota zikinitazama bila haya,
nikaingia kwenye tundu la barafu, chubwi!
Moja, mbili, tatu.
Mwili ukawaka kana kwamba umepakwa upupu mtamu,
na kwa dakika nzima sikuwa mjane,
sikuwa mama wa mtu,
nilikuwa moshi tu, unaopanda wima.

Kwa hiyo siji, Kauko.
Labda Aprili, theluji ikioza na barabara ikawa tope;
Aprili sitaitetea.
Ila ukitaka kunifurahisha, njoo wewe, na uje na chungwa moja.
Tutaliweka juu ya theluji, pale kizingitini,
tulitazame kabla ya kulila.

Buti zako ziko nyuma ya mlango.
Nilizipaka mafuta Oktoba.