Hatua Nne

Mtaro niliuchimba mimi.
Si peke yangu, tulikuwa kumi na wanne,
lakini kipande cha Ihumwa, kuanzia gereji ya Mazoya
hadi mwarobaini ule uliokatwa nusu,
hicho ni changu: sentimita tisini kwenda chini,
malipo kwa mita,
na mwamba haukuhesabiwa.

Agosti. Upepo wa Dodoma unarudisha vumbi shimoni
haraka kuliko sepeto linavyolitoa.
Mama akatoka na bakuli la togwa,
akalitazama bomba la rangi ya chungwa likipita
hatua nne kutoka kizingitini kwake.
"Hilo nalo linaleta maji?"
Chidumizi akamjibu, "Linaleta picha, mama."
"Za nani?"
Tukacheka. Jembe haliulizi shamba ni la nani.

Waya ukafika Mtumba kwa maofisa.
Mwezi wa pili kampuni ikatangaza ghala lake:
tamthilia, katuni, mpira wa juzi,
tazama saa uitakayo, simamisha ukachote maji,
rudi, wanakungoja na midomo wazi.
Nikapitisha kidole kwenye simu, chini, chini zaidi.
*Ngoma za Wagogo, sehemu ya tatu.*
Na kwenye kijipicha, kidogo kama stempu,
wa tatu kutoka kushoto, muheme katikati ya magoti,
shanga zimeruka na hazijatua bado:
Mama.

Walikuja kumrekodi mwaka ule mtama ulipokauka na maua yake.
Walimpa kanga moja na soda.
Walichochukua, hakuwahi kukiona.

Nikabonyeza.
*Samahani. Kipindi hiki ni kwa wateja wa intaneti yetu ya nyumbani pekee.*
Nikanunua bando, la kampuni hiyohiyo,
nembo ileile iliyokuwa mgongoni mwa fulana yangu ya kazi.
*Samahani.*
Nikapiga simu. Binti mwenye adabu, sauti ya kiyoyozi:
"Bando la simu halihusiki, kaka. Mpaka uwe na waya."
Waya ninao, nikasema. Upo hatua nne.
"Namaanisha ulioingia ndani."
Nikasikia vidole vyake vikitafuta.
"Ihumwa bado haijafikiwa."

Haijafikiwa.
Na malengelenge haya, je, niliyaokota wapi?

Usiku mmoja nilitembea hadi kwenye nyumba za Mtumba.
Nilikuwa nimeyapanga maneno: shikamoo, mzee,
naomba kumwona mama yangu sebuleni kwako.
Dirishani mwanga wa buluu ulikuwa unacheza.
Mlinzi akaniuliza nina miadi na nani.
Nikarudi.

Alasiri nikampa Mama kijipicha chenyewe.
Akakisogeza kwenye jicho lile zima.
Hakujitazama.
"Huyu wa pili ni Mgoli. Hakuuona mwaka uliofuata.
Hapa mimi nimekwisha kuita,
yeye ndiye wa kuitikia.
Bonyeza, aitikie."
"Haifunguki, Mama."
"Umelipa?"
"Nimelipa. Nimelipa pasipohusika."

Nikamweleza habari za waya, ulioingia na unaopita.
Akatazama nje, pale udongo ulipotitia juu ya mtaro.
"Kwa hiyo kila usiku napita hapa mlangoni kwangu
nikienda kuwapigia ngoma watu wa Mtumba,
wala sipigi hodi."
"Ndivyo."
"Na Mgoli tuko naye?"
"Mko naye."

Akanyamaza.
Kuku walikuwa wameingia kwenye mlenda uliokuwa ukikauka.
Akachukua kipande cha bomba la chungwa,
mita moja na nusu, nilichobaki nacho kazini,
akawafukuza nacho.
Ndani ni tupu. Likiupasua upepo
linapiga mluzi.