Herufi za Jabez Ormerod

Kiwandani Harrowclough mitambo mia tatu ya kufumia
ilinguruma hata mtu asisikie kikohozi chake,
kwa hiyo wafumaji walisemezana kwa midomo mitupu.
Ndivyo shairi lake la kwanza lilivyosomwa:
Jabez kalitamka bila sauti, kando ya mtande,
na Zillah, mitambo minne mbele, akacheka.

Mwaka uliofuata walioana.

Shuleni alikuwa amechapwa viganja
kwa kukiita kijito kama mama yake alivyokiita.
Mwalimu, mtu wa kusini, alisema: hilo si neno.
Mtoto akatazama dirishani.
Kijito kilikuwa palepale, kinapita na jina lake.

Aliandika nyuma ya bahasha za mshahara,
kwa penseli aliyoichonga na kisu cha kukatia nyuzi:
habari za kuku aliyetaga kofiani mwa mchungaji,
za baba aliyekufa na pamba mapafuni,
za mvua, maana kwao mvua si moja:
ipo rasharasha, yapo manyunyu,
na ipo ile usiyoiona ikinyesha
ila ukifika nyumbani koti limekuwa zito kama deni.
Hiyo ina neno lake. Mimi nimelitafutia mwenzake,
sijalipata.

Kitabu kilipochapwa, Bwana Pilling mwenye matbaa
alimsaidia: alimnyooshea tahajia.
Kila neno likavaa tai.
Jabez alifungua ukurasa wa kwanza, akaufunga,
akatembea maili kumi na moja, theluji ikimfika vifundoni.
"Umewafanya watu wangu wageni," alisema,
hata salamu hakutoa.
Wakakesha wakichomoa herufi za risasi mojamoja,
Pilling akinung'unikia gharama,
hadi mkate ukaisha, na mshumaa nao.

Nakala mia mbili. Ziliuzwa sitini na tatu.
Chache Zillah aliegemezea kabati lenye mguu mbovu;
nyingi ziliwashia moto majira ya mgomo.

Alikufa mwezi Machi. Gazeti la mji
lilimpa mistari miwili na kulikosea jina lake.

Makaburini ilikuwa ile mvua isiyoonekana.
Wafumaji wazee walisimama, viziwi karibu wote,
shali zimelowa, hakuna aliyehutubia.
Kisha bibi mmoja akaanza kuchezesha midomo,
wa pili akamtazama, akafuata,
mpaka safu nzima ikawa inalisoma, kimya,
lile la kuku.

Mchungaji akadhani ni sala.
Akavua kofia.