Dengu

Miaka thelathini na mmoja nilibeba barua,
kutoka posta ya Piedrahíta hadi nyumba ya mwisho juu ya korongo,
na mbwa watatu waliniuma:
mmoja mguuni, mmoja mkononi,
wa tatu aliuma mfuko, akala salamu za Krismasi za ukoo mzima.
Kwa hiyo msiniulize
ilikuwaje, mwezi wa pili, barafu ingali imeng'ang'ania mabomba,
nikasimama mbele ya kizimba namba kumi na nne
nikasema, huyu.

Msimu wa kuwinda sungura ukiisha,
mbwa wa mbio hubaki tumbo tu la kulisha.
Wengine hushushwa kando ya barabara kuu,
nao hulikimbiza gari lililowashusha,
na kwa kuwa ni wepesi, hulifuata mbali sana.
Huyu aliokotwa nyuma ya kituo cha mafuta,
mbavu zahesabika,
shingoni alama ya waya imezunguka pande zote,
kama mkufu uliovuliwa, baridi yake ikabaki.
Rangi yake rangi ya dengu.
Nikamwita Lenteja, ndiyo dengu kwetu, jina likamkaa.

Azucena wa kituoni alinisainisha karatasi sita.
"Hajui ngazi," akasema. "Hajui kioo. Hajui kuitwa."
"Nami sijui mbwa," nikamjibu. "Ngoma droo."

Siku tisa alilala nyuma ya mashine ya kufulia.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
huyu alishtuka nikivua mkanda, nikikunja gazeti,
nikikohoa.
Siku ya kumi nilivaa viatu vyangu vya kazi,
vile vilivyolika kisigino cha kushoto,
nikafungua mlango. Sikumwita.
Nikasikia kucha kwenye vigae. Moja.
Kimya.
Mbili.

Tulianza na njia yangu ya zamani.
Nyumba kumi na moja, wakazi wamebaki wanne.
Nilimtajia wenyewe kana kwamba bado nagawa:
hapa kwa Fructuoso, pensheni yake tarehe ishirini na tano,
hapa kwa wale dada wawili wasiosemezana,
mlango mmoja, masanduku mawili ya barua.
Dengu akayakojolea yote mawili, kwa haki.

Machipuko yalipokuja tulipanda zaidi.
Theluji iliyeyuka ikateremka ikigombana na mawe.
Alijifunza kuvuka kijito: kwanza kwa kulia,
kisha kwa kuruka, miguu minne hewani,
akatua ng'ambo na kutazama nyuma
kunishangaa mimi niliyelowa magoti.
Tulilala ndani ya hema la mpwa wangu, lenye tundu;
usiku wa manane pua yake, baridi kama ufunguo,
ikaniingia kwapani, ikakaa.
Sikujigeuza hadi alfajiri. Mkono ulikufa ganzi.
Uache ufe.

Mwezi wa sita, juu ya Peña Negra, nilimfungua kamba.
Sikuwa nimepanga. Vidole viliamua.
Na papo hapo, kwenye vichaka vya manjano,
sungura.

Niliona kile walichomzalia.
Mgongo ulikunjika, ukafunguka, ardhi ikabaki nyuma yake,
hakuna aliyekuwa akikimbia, palikuwa na mbio tu,
kisha palikuwa na kilima kitupu.
Niliita. Upepo ukalirudisha jina kinywani mwangu.
Nilikaa juu ya jiwe. Nilihesabu nyumba za njia yangu,
zote kumi na moja, mara tatu.

Akarudi.
Mdomoni hakuna kitu.
Akasimama hatua ishirini kutoka nilipo,
mkia tumboni, macho pembeni,
akingoja anachopewa mbwa aliyekosa sungura.

Nilikuwa na kipande cha jibini.
Nikakiweka juu ya kiatu changu, kile cha kisigino kilicholika,
nikatazama bonde, nikamwacha achague.

Alichukua muda wake.

Tukashuka. Mvua ilitukuta kabla ya nyumba ya wale dada,
na kamba ilikuwa mfukoni mwangu,
hata sikumbuki niliitia saa ngapi.