Milimita Mbili

Pipa la kuchachushia chai halina subira.
Linazunguka tangu zamu ya alfajiri,
limebeba majani na unyevu wake,
na tumboni mwake mna kihisi, punje ya haragwe,
kinacholia: ishirini na sita, ishirini na saba,
joto linapanda, nifungulieni hewa.

Nani atakisikia?
Waya ukiufunga kwenye kitu kinachozunguka
utajisokota, utajisokota, utakatika.

Miaka ishirini na tisa kazi hiyo ilikuwa ya baba mkwe,
Anyosisye Mwakitalu, fundi wa brashi.
Pete mbili za shaba kwenye mhimili,
vipande viwili vya kaboni vikizisugua,
na habari ikipita mlemle msuguanoni,
imechubuka, ina makapi,
kama mtu asemaye huku anatafuna bisi.
Kila Jumamosi alifuta vumbi jeusi.
Lilimwingia kwenye kucha, kwenye kola, kwenye kikohozi.
Mvua ya Tukuyu haikuliondoa,
na mvua ya Tukuyu haijui kupumzika.

Mimi nilifika nyumbani kwake bado niko chuoni.
Leo nimefunga sahani mbili zinazotazamana:
moja imetulia kwenye fremu,
moja inakwenda na pipa.
Kati yao milimita mbili za hewa, nimezipima mara tano.
Hazigusani. Zikigusana ni hasara.
Na habari inavuka.

Siku ya kuwasha akaja, mstaafu, koti la mvua begani.
Nilizijua buti zake kabla ya sauti.
Nikavuta kitenge, nikageuza uso,
nikajibanza nyuma ya kabati la swichi.
Kwetu mke wa mwana na baba mkwe
hawapeani mkono, hawapishani mlangoni.
Si chuki. Ni woga wenye adabu ndani yake,
na wageni hudhani tumegombana.

"Muulize," akamwambia Gwamaka, kijana wa mafunzo,
"hakuna kinachogusa?"
"Mwambie hakuna."
"Muulize basi, inapitaje?"

Majibu ya darasani nilikuwa nayo:
koili, sumaku, masafa.
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Miaka minne sijamtazama usoni
na najua chai yake haitiwi sukari,
najua goti la kushoto humsumbua baridi ya Juni,
najua aliuza ndama mwekundu ada yangu ilipopungua.
Hakuna aliyeniambia.
Niliona zizi tu.

"Mwambie," nikasema, "anajua."

Gwamaka akatazama kabati, akatazama koti,
hakuelewa, akaufikisha ujumbe hivyohivyo.
Pipa likazunguka. Kwenye kioo: ishirini na sita,
safi, bila kukwaruza,
ishirini na sita.
Mzee akakohoa, au alicheka, kabati lilinizuia.
"Ndaga fijo," akasema, kwa mashine labda.

Alipoondoka nikakuta juu ya sanduku la spana
brashi mbili mpya, zimefungwa kwenye gazeti.
"Amesema usizitupe," Gwamaka akasema.
"Amesema umeme una mambo yake."

Nikafuta meza yote jioni ile,
nikafuta na sakafu.
Pale gazeti lilipokuwa palibaki alama nyeusi ya kidole gumba.
Kitambaa nilikuwa nacho mkononi.
Nikakizungusha, nikakizungusha,
sikugusa.